Kusanyiko la Kilima cha Nabugoye

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, wanafunzi, mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza nanyi juu ya kusanyiko la Wayahudi ambalo limekuwa jirani yetu kwa zaidi ya miaka 100, ingawa wengi wetu tumemaliza shule bila kulisikia, na waliolisikia wamelikuta katika sentensi moja tu ndani ya habari za mtu aliyelianzisha.

Makao makuu ya kusanyiko hilo yako kwenye kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, katika nchi iliyo chini ya Mlima Elgon. Watu wake hujiita Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda. Walio wengi ni wakulima wadogo wa kahawa, ndizi, mahindi na maharagwe. Hawadai kwamba wametokana na makabila ya Israeli yaliyopotea, wala hawana mapokeo ya babu aliyevuka jangwa kutoka Yerusalemu. Wazee wao waliisoma Biblia kwa lugha waliyoielewa, wakashawishika na walichokisoma, wakakitenda. Hilo ndilo ninalotaka kulieleza, kwa kuwa naamini kwamba nguvu ile ya kusoma na kutenda wenyewe, iliyolizaa kusanyiko hili, ndiyo iliyoliokoa lilipopigwa marufuku, na ndiyo iliyolikuza baadaye, hata pale marafiki wa mbali walipokuja na misaada yao.

Nianze kwa kuondoa mkanganyiko mmoja ambao hujitokeza kila mara Uganda na Uyahudi vinapotajwa pamoja. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliwapendekezea viongozi wa harakati ya Kizayuni, yaani harakati ya kuwatafutia Wayahudi nchi yao wenyewe, kwamba Wayahudi waliokuwa wakiteswa na kuuawa katika Urusi wapewe ardhi Afrika Mashariki. Theodor Herzl, kiongozi wa harakati hiyo, alilifikisha pendekezo hilo mbele ya Kongamano la Sita la Kizayuni mjini Basel, mvutano mkali ukazuka, tume ikatumwa kuja kuikagua ardhi, na mwaka 1905 Kongamano la Saba likaukataa mpango wote. Ulikuja kuitwa Mpango wa Uganda, lakini ardhi iliyokusudiwa ilikuwa nyanda za juu za Uasin Gishu, ambazo hadi mwaka 1902 zilihesabiwa kuwa sehemu ya himaya ya Uganda na ambazo leo ziko Kenya. Wakati huohuo, mwaka 1904, Wayahudi wachache waliohamia Nairobi kutoka Ulaya na Afrika Kusini waliunda kusanyiko lao, ambalo bado lipo. Miongoni mwa watu wake wa mwanzo alikuwa Abraham Block, aliyekuja kuwa mwenye hoteli maarufu. Kusanyiko lile lina historia ya kuheshimika, lakini lilikuja kwa meli, likiwa na vitabu vyake vya sala na watu waliolelewa katika Uyahudi tangu utotoni. Lile la Mbale halikuwa na kimojawapo cha hivyo, na halikuwa na uhusiano na mipango ya London wala ya Basel.

Lilikuwa na Semei Kakungulu. Alizaliwa Koki yapata mwaka 1869, akakulia Buganda katika zama ambazo Waprotestanti, Wakatoliki na Waislamu waligombea roho ya ufalme kwa hoja na kwa bunduki. Aliingia Uprotestanti, akajifunza kusoma, akawa jemadari hodari kuliko wengi wa rika lake. Mwaka 1899 alikuwa miongoni mwa wakuu wa vita waliowakamata Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro. Kisha akageuza jeshi lake kuelekea mashariki, akaziweka nchi za Bukedi chini ya himaya ya Waingereza, akajenga ngome na barabara, na mji wa Mbale ukaanzia katika makazi yake. Ni lazima tuseme wazi kwamba kwa watu wa mashariki ushindi ule ulikuwa uvamizi, na wako ambao hadi leo wanamkumbuka Kakungulu kwa machungu. Yeye mwenyewe alitegemea kwamba Waingereza wangemtambua kuwa kabaka wa nchi alizoziteka. Hawakumtambua. Walimpunguzia madaraka hatua kwa hatua, wakamwachia maili 20 za mraba za ardhi karibu na Mbale, wakamfanya mkuu wa Busoga kuanzia mwaka 1906 hadi 1913, na hatimaye akarudi Mbale bila cheo alichokitamani.

Wanahistoria wengi wameueleza Uyahudi wake kuwa tunda la uchungu huo. Sikubaliani nao kikamilifu. Uchungu ulimtenga na wamisionari na maofisa, hilo ni kweli, na yapata mwaka 1914 alijiunga na madhehebu ya Malaki Musajjakawa, ambayo yalikataa dawa za hospitali na chanjo za watu na mifugo, na yakaiheshimu Jumamosi. Lakini mtu mwenye uchungu wa siasa hutafuta njia ya kurudi katika siasa. Kakungulu alichukua hatua ambazo hazikumrudishia chochote, na zote zilitoka katika kitabu.

Biblia nzima kwa Kiganda ilikamilika mwaka 1896, kwa kazi ya mmisionari George Pilkington na wasaidizi wake Waganda, wa kwanza kati yao Henry Wright Duta. Watu waliokuwa wakifundishwa dini kwa kusikia sasa waliweza kuifungua wenyewe na kuuliza maswali ambayo mwalimu hakuyatarajia. Kakungulu aliuliza swali kama hilo. Katika kitabu cha Mwanzo alikuta kwamba tohara ni agano la milele kati ya Mungu na uzao wa Ibrahimu, na hakuona mahali popote katika Torati ambapo agano hilo limefutwa. Aliwauliza viongozi wa madhehebu ya Malaki kwa nini hawatahiri. Akajibiwa kwamba tohara ni mambo ya Wayahudi. Basi, akasema, kama ndivyo, mimi ni Myahudi. Mwaka 1919, akiwa na umri unaokaribia miaka 50, alitahiriwa pamoja na wanawe, akajitenga na Wamalaki na kwenda kuishi Gangama, karibu na Mbale, pamoja na wafuasi wake, ambao aliwaita jumuiya ya Wayahudi wanaomtumaini Bwana.

Hapa niweke jambo moja ambalo msikilizaji wa mbali hawezi kulijua. Mbale ni nchi ya Wagisu, na kwa Wagisu tohara, yaani imbalu, ni heshima ya kuingia utu uzima, hufanywa hadharani katika miaka ya namba shufwa, na kijana anayejikunyata mbele ya kisu huiaibisha mbari yake. Waganda, kwa desturi yao, hawakutahiri kabisa. Kwa hiyo jemadari Mganda aliyetahiriwa uzeeni katika nchi ya Wagisu alivunja desturi ya kwao bila kuingia katika desturi ya wenyeji, kwani agano alilolifuata linamhusu mtoto wa siku 8 anayebebwa mikononi, bila ngoma za mbari wala ushujaa wa kijana. Wagisu walioingia katika jumuiya baadaye nao walipaswa kuyapima mambo hayo mawili, na waliochagua siku ya 8 walijua wanachokiacha.

Mwanzoni imani yao ilikuwa mchanganyiko. Waliendelea kubatiza na kushika baadhi ya desturi za Kikristo kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuwaambia kipi ni cha nani. Mwaka 1920 mgeni mmoja Myahudi, ambaye kumbukumbu zao zinamtaja kwa jina la Yusufu tu, alikutana na Kakungulu, akakaa na jumuiya kwa muda wa miezi kadhaa. Aliwafundisha kalenda ya sikukuu, herufi za Kiebrania, taratibu za Sabato, namna ya kuchinja na vyakula vilivyokatazwa, akawaeleza kwamba ubatizo si sehemu ya Uyahudi. Kisha akaenda zake. Fikirini, ndugu zangu, miezi michache ya mafundisho ilitakiwa kuwatosha kwa miongo mingi! Waliyaandika waliyoyapata, wakayanakili, wakayafundisha. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha Kiganda chenye takriban kurasa 90, kikiwa na kanuni, sala na vifungu vya Maandiko kwa ajili ya waumini wake. Alipofariki tarehe 24 Novemba 1928, jumuiya ilikadiriwa kuwa na watu wapatao 2,000.

Jumuiya iliyojengwa juu ya mtu mmoja mkubwa kwa kawaida hutawanyika anapokufa, na hii nayo ilitikisika. Baadhi walirudi kanisani, wengine walibaki katikati wakichanganya, na waliobaki imara walijikusanya chini ya wazee kama Samson Mugombe, ambao hawakuwa na jeshi, ardhi kubwa wala sauti serikalini. Kwa zaidi ya miaka 30 waliishi wakiwa peke yao kabisa.

Ningependa tuangalie upweke huo ulikuwa na gharama gani kwa familia ya kawaida. Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na mtoto aliyetaka kusoma alitakiwa kubatizwa kwanza, hivyo wazazi walichagua kati ya elimu ya mtoto na agano lake, na wengi waliochagua agano waliwaona watoto wao wakibaki nyuma ya wenzao. Ijumaa, kabla jua halijatua, kuni lazima ziwe zimekusanywa, maji yamechotwa na chakula kimepikwa, kwa kuwa Sabato ikishaingia moto haukokwi na jembe halishikwi mpaka Jumamosi usiku, hata kama mvua za kwanza zimenyesha na majirani wote wako shambani wanapanda. Halafu kuna nyama. Sisi wa Afrika Mashariki tunajua kwamba penye harusi au matanga ya watu wa dini mbalimbali, kisu hukabidhiwa Mwislamu ili wote wale bila wasiwasi. Mwabayudaya hakuweza kula nyama hiyo, kwa kuwa alikula tu kilichochinjwa na mchinjaji wa jumuiya yake. Alihudhuria, alibeba maji, alichimba kaburi, lakini kwenye sahani alichukua ndizi na maharagwe. Anayesema kwamba watu hawa waliingia Uyahudi kwa kutafuta faida ya wageni ajiulize ni faida gani waliyokuwa wakiipata mwaka 1935, au 1950.

Mwaka 1962, mwaka ambao Uganda ilipata uhuru, walitembelewa na Arye Oded, msomi na mwanadiplomasia wa Israel aliyekuja kuandika sana juu yao. Kwa wazee waliokuwa wakisoma habari za Israeli katika Maandiko, kumwona mtu aliyetoka katika nchi hiyo, akizungumza lugha ya Torati kama lugha ya sokoni, kulikuwa faraja kubwa. Barua na vitabu vilianza kufika, na vijana waliokuwa wameanza kulegea wakarudi.

Faraja hiyo haikudumu. Idi Amin alitwaa madaraka Januari 1971, na chini ya utawala wake Uyahudi ulipigwa marufuku. Mwaka 1972 alivunja uhusiano na Israel na kuwafukuza Waisraeli waliokuwa nchini. Masinagogi yalifungwa na mengine kuharibiwa. Wapo walioingia Uislamu, wapo walioingia Ukristo, na wapo walioondoka tu na kunyamaza, na sitamhukumu hata mmoja wao. Uyahudi ni dini ngumu kufichwa. Mtu anaweza kusali moyoni bila kuonekana, lakini shamba lisilolimwa Jumamosi linaonekana na kila apitaye njiani, na kibanda cha sikukuu ya Vibanda hakijengwi chumbani. Waliobaki walikutana usiku majumbani, wakasali kwa sauti ya chini, na wakawafundisha watoto nyimbo ambazo hawakuruhusiwa kuziimba nje.

Kampala iliangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa ukombozi wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Wasikilizaji wangu Watanzania mnaikumbuka tarehe hiyo kwa damu ya ndugu zenu waliokwenda vitani kutokea Kagera. Kwa Abayudaya tarehe hiyo ina maana ya ziada: jioni ya siku ileile ndiyo iliyokuwa mwanzo wa Pasaka ya Kiyahudi ya mwaka huo, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Waliokusanyika kusimulia habari za Farao walikuwa wachache mno. Kati ya watu 2,000 wa zama za Kakungulu, walikuwa wamebaki takriban 300.

Kutoka hapo ndipo ukuaji ninaouzungumzia unapoanzia, na ulianza kwa vijana. Katika miaka ya 1980 kundi la vijana, wakiwemo Joab Jonadab Keki na Gershom Sizomu, walipanda kilima cha Nabugoye na kuanza kuishi pamoja kwa mfano wa vijiji vya ushirika vya Israel ambavyo walikuwa wamevisikia. Walilima pamoja, walisoma pamoja, walifundishana Kiebrania kwa vitabu vichache vilivyookoka, wakawaendea wazee mmoja mmoja kuuliza sala fulani iliimbwaje na sheria fulani ilishikwaje. Katika jamii zetu mara nyingi tunasikia vijana wakilaumiwa kwa kuiacha dini ya wazazi. Nabugoye vijana ndio waliowatoa wazee mafichoni. Juu ya kilima hicho wakasimamisha sinagogi lililoitwa kwa jina la Musa, jengo la kawaida la matofali, ambalo Ijumaa jioni lilijaa watu waliotembea kutoka vijiji vya jirani.

Nyimbo nazo zilichangia sana. Zaburi na sala zilikuwa zimetafsiriwa kwa Kiganda tangu awali, na vijana hawa, Keki akiwa mtunzi wao mkuu, walizitia mahadhi ya kwao, kwa gitaa na ngoma na sauti za kupokezana, zikiwemo sala za Kiebrania ambazo Wayahudi wa dunia nzima huzisali Ijumaa jioni. Rekodi ya nyimbo hizo iliyokusanywa na Jeffrey Summit, rabi, yaani mwalimu wa dini ya Kiyahudi, na mtafiti wa muziki wa Chuo Kikuu cha Tufts, iliteuliwa kuwania tuzo ya Grammy ya mwaka 2005. Wengi walizisikia nyimbo hizo kabla hawajajua Mbale iko wapi.

Marafiki wa nje walianza kufika mwaka 1992, wakati wanafunzi wa Kimarekani walipowatembelea, mmoja wao akiwa anasoma Kenya. Waliporudi kwao walieleza walichokiona. Mwaka 1995 shirika la Kulanu la Marekani lilituma ujumbe, na kuanzia hapo vitabu, karo za wanafunzi na vitabu vya Torati vilivyoandikwa kwa mkono kwenye ngozi vikaanza kufika Nabugoye. Nawashukuru watu hao kwa niaba yangu mwenyewe, lakini naomba mpangilio wa mambo uzingatiwe: walikuta sinagogi, walikuta kwaya, walikuta watu wanaoshika Sabato.

Nije kwenye jambo ambalo kwangu mimi ndilo gumu kuliko yote katika historia hii. Wayahudi wa nje, pamoja na mapenzi yao yote, waliwauliza Abayudaya swali la kisheria: je, ninyi ni Wayahudi kwa mujibu wa sheria ya Kiyahudi? Kwa sheria hiyo Myahudi ni aliyezaliwa na mama Myahudi au aliyeongoka mbele ya jopo la marabi, na mwaka 1919 hapakuwa na rabi Mbale. Mwezi Februari 2002 jopo la marabi wa mkondo wa Kikonsavativu, ulio mmoja wa mikondo ya Uyahudi wa leo, kutoka Marekani na Israel lilifika, likawahoji waumini mmoja baada ya mwingine, likawazamisha katika maji kama sheria inavyotaka, na wanaume ambao walikwisha kutahiriwa wakatolewa tone la damu kuwa ishara ya agano. Takriban watu 400 walipitia utaratibu huo.

Lakini si wote waliokubali. Baadhi ya wazee waliona kwamba wanaulizwa kuingia katika nyumba ambayo walizaliwa ndani yake. Walikuwa wamekosa shule kwa ajili ya imani hii, walikuwa wameificha chini ya Amin, na sasa mgeni aliyezaliwa baada yao anawauliza kama wana nia ya kweli. Nawaelewa, na sidhani kwamba hoja yao imewahi kujibiwa ipasavyo. Wakati huohuo nawaelewa waliokubali, ambao walisema kwamba mtoto wao akienda kusoma au kuoa katika jumuiya nyingine ya Wayahudi hapaswi kusimama mlangoni akisimulia habari za babu yake ili aaminiwe. Wengine, hasa watu wa kijiji cha Putti, hawakuridhika na mkondo wa Kikonsavativu na wakaamua kufuata taratibu za Kiorthodoksi, yaani za Wayahudi wanaoishika sheria ya kale kwa ukali zaidi. Kwa hiyo leo kuna zaidi ya njia moja: Nabugoye wanawake huhesabiwa katika idadi ya watu 10 wanaohitajika kwa sala ya pamoja na husoma Torati mbele ya kusanyiko, wakati Putti wanaume na wanawake wana nafasi tofauti. Wako wanaouhuzunikia mgawanyiko huo. Mimi naona kwamba ni mgawanyiko uleule ulioko New York na Yerusalemu, na kwamba jumuiya inayobishana juu ya sheria ni jumuiya inayoisoma.

Gershom Sizomu, ambaye ni wa ukoo wa wazee waliouongoza umma huu, alikwenda Los Angeles kusomea urabi katika Chuo Kikuu cha Kiyahudi cha Marekani, na mwaka 2008 akawekwa wakfu. Kwa mara ya kwanza tangu 1919 kusanyiko likawa na rabi aliyezaliwa ndani yake. Alirudi nyumbani, na mwaka huohuo watu wapatao 250 wakaongoka mbele ya jopo aliloliongoza. Mafunzo aliyoyaanzisha Nabugoye yaliwavuta vijana wa jumuiya nyingine za Kiafrika, na hata upande wa Kenya, huko Kasuku karibu na Nyahururu, lipo kundi dogo la wakulima walioelekea Uyahudi na kufunga uhusiano na ndugu zao wa Mbale. Mwaka 2016 mambo mawili makubwa yalitokea: sinagogi jipya na kubwa lilifunguliwa Nabugoye, nalo linaitwa Stern, na rabi Sizomu akachaguliwa kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini katika Bunge la Kumi. Hesabuni wenyewe kura za Wayahudi katika jimbo lile, mtaona kwamba waliomchagua walikuwa Wakristo na Waislamu.

Uhusiano huo na majirani ulijengwa kwa kazi. Mwaka 2004 Keki aliwaendea wakulima wenzake wa kahawa, Waislamu, Wakristo na Wayahudi, akawaomba waunde chama kimoja cha ushirika. Alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, karibu na majengo yaliyoshambuliwa, na aliporudi alisema kwamba hawezi kukaa kimya kijijini kwake. Chama hicho kilichukua jina la Mirembe Kawomera, amani tamu, na mamia ya wakulima waliuza kahawa yao Marekani kwa bei bora kuliko waliyopewa na wachuuzi wa njiani. Shule ya msingi ya Hadassah na shule ya sekondari yenye jina la Semei Kakungulu zinapokea watoto wa dini zote, jambo lenye uzito wa pekee kwa watu ambao wazazi wao walifungiwa milango ya shule. Kituo cha afya cha Tobin, kilichofunguliwa Mbale mwaka 2010, nacho kinamtibu yeyote anayefika. Na sote tujue kwamba Mbale huohuo ndio wenye Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda tangu mwaka 1988.

Matatizo yapo, na siwezi kuyaruka. Kusanyiko bado linategemea mno fedha za wahisani, na wahisani huchoka au hubadili mawazo. Ardhi ni finyu na watoto ni wengi. Tena Israel yenyewe haijawapokea moja kwa moja. Shirika la Kiyahudi linaloshughulikia uhamiaji liliwatambua mwaka 2016, lakini mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilikataa ombi la mmoja wao la kuhamia huko kwa haki ambayo Myahudi yeyote anapewa, na shauri likafikishwa mahakamani. Wengi wa Abayudaya hawana mpango wa kuhama. Wanachokitaka ni kuwa na haki ileile aliyonayo Myahudi wa Paris au Buenos Aires, aitumie au asiitumie. Nadhani madai hayo ni ya haki, na nayasema hapa bila kuficha.

Leo wanahesabiwa kuwa takriban 2,000 au zaidi kidogo, katika vijiji kadhaa kuanzia Nabugoye, Namanyonyi, Nasenyi na Putti hadi Namutumba huko Busoga, yaani wamerudi katika idadi waliyokuwa nayo mwasisi wao alipofariki. Waumini walioishi chini ya marufuku wakiwa watu wazima wanapungua kila mwaka, na pamoja nao yanapungua mambo ambayo hayakuandikwa popote: nani alificha vitabu na wapi, sala zipi zilisaliwa kwa moyo kwa sababu vitabu havikuwepo, wanawake walifanyaje Pasaka bila majirani kujua.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, nina maombi mawili kwa idara za historia na maktaba za vyuo vyetu vya Uganda, Kenya na Tanzania. La kwanza ni kwamba wanafunzi wenye kujua Kiganda na Kigisu wapelekwe Mbale kurekodi masimulizi ya wazee hawa kwa ridhaa yao, na nakala zibaki Nabugoye kabla ya kupelekwa kokote. La pili ni kwamba kitabu cha Kakungulu cha mwaka 1922, pamoja na madaftari ya sala yaliyonakiliwa kwa mkono ambayo bado yamo majumbani, vipigwe picha, vihifadhiwe, na kitabu chenyewe kichapishwe upya kwa Kiganda na kwa tafsiri ya Kiswahili. Wazee wa Nabugoye wako tayari kuulizwa, na kazi hiyo inaweza kuanza muhula huu.

Asanteni kwa kunisikiliza.